Jina Krapf: kulabu, andazi au rovu? Na wenye jina hilo wamebaki wangapi?

#1 Kipanga wa Kisauni
Wakuu, salaam.
Dokta Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, tunamjua: Rabai, Injili kwa Kiswahili, kamusi ya 1882. Wasifu wake siuulizi hapa, nauliza jina. Nimekuta maelezo mawili yanayovutana. Moja linasema Krapf ni kulabu. Jingine linasema ni andazi la kukaanga. Tena jina lenyewe huko Ujerumani ni adimu kiasi gani leo? Mtandao mmoja unatoa idadi fulani, mwingine unatoa karibu mara tatu yake. Wajuzi wa majina ya ukoo ya Kijerumani, uwanja wenu.

#2 MlaKaimati
Yaani kamusi yetu imeandikwa na Bwana Andazi halafu hakuna aliyetuambia miaka yote hii? Naweka kambi. Chai ipo jikoni.

#3 Mama Rejista
Mkuu Kipanga, hayo maelezo mawili hayagombani kama unavyodhani, maana neno ni moja. Kijerumani cha Juu cha kale kina *krapfo*, kulabu, kitu chenye ncha iliyopinda. Ukija Kijerumani cha Kati, kuanzia karibu 1050 hadi 1350, unakuta *krapfe* ana kazi mbili: kulabu au bano la chuma, na kitu cha unga kilichokunjwa kwa umbo la kulabu au mwezi mchanga kisha kikakaangwa. Andazi ndilo lililoazima jina kwa kulabu kwa sababu ya umbo. Lile duara lenye jamu ya aprikoti tumboni, linalouzwa Vienna kabla ya Kwaresima, ni la baadaye. Ukilifikiria hilo utapotea.

Ndugu za neno hili wametapakaa: *Krampe* ni bano la chuma, *Krampf* ni mkakamao wa msuli, Wafaransa wana *agrafe*, Waitaliano wana *grappa* kwa maana ya bano. Wote wamejikunja.

Kwa hiyo usiulize neno lina maana gani. Uliza kwa nini mtu wa kwanza kuitwa hivyo aliitwa hivyo. Hapo ndipo watu hugawanyika: aliuza maandazi, alifua kulabu, alikuwa na kibiongo au pua ya mwewe, au shamba lake lilikuwa kwenye kona iliyojipinda.

#4 Ngoe
Mimi naitwa Ngoe humu ndani, na ngoe ni kijiti cha kulabu cha kuvutia matawi. Kwa hiyo mimi na Dokta ni wajina. Endeleeni.

#5 Fundi Ramani
Nichukue la idadi, maana hapo wengi huchemsha.

Ile tofauti ya mara tatu si kosa la mtandao wowote. Mmoja unahesabu laini za simu, mwingine unahesabu watu. Data kubwa wanayotumia watafiti wa majina Ujerumani ni orodha ya laini za mezani za watu binafsi za Deutsche Telekom ya mwaka 2005, zaidi ya laini milioni 28. Mwaka huo nchi ilikuwa na watu milioni 82 na ushei. Gawanya, unapata karibu 2.9. Ndicho kizidisho. Laini 100 maana yake ni kama watu 290. Müller, linaloongoza nchi nzima, lina laini kama 256,000, yaani watu kama 740,000.

Orodha hiyohiyo ndiyo msingi wa atlasi ya majina ya ukoo, Deutscher Familiennamenatlas, iliyosimamiwa na Konrad Kunze wa Freiburg na Damaris Nübling wa Mainz. Imetoka juzuu 7 kati ya 2009 na 2018. Mainz wana pia kamusi ya majina mtandaoni, Digitales Familiennamenwörterbuch, iliyoanza 2012. Andika Krapf pale, utapewa idadi ya laini na ramani. Soma vizuri kichwa cha safu: *Anschlüsse* ni laini, si vichwa vya watu.

Angalizo: kizidisho hicho hufaa majina yenye laini mamia kwenda juu. Jina lenye laini 6, usizidishe. Familia moja yenye laini mbili, ya nyumbani na ya shambani, inakupa "watu" sita ambao hawapo.

#6 Kombe la Chai
Fundi, 2005 ni zamani. Siku hizi vijana hawana simu ya mezani.

#7 Fundi Ramani
Ndiyo maana wanang'ang'ania 2005. Orodha za baadaye zinazidi kuwa chafu: simu za mkononi haziingii, na wengi hawataki kuorodheshwa. Ukichukua orodha ya karibuni utasema majina yote yanakufa, kumbe kinachokufa ni simu ya mezani. Ile ya 2005 ni picha ya mwisho iliyo safi kabla watu hawajakata waya.

#8 Kombe la Chai
Sawa, nimekubali. Turudi kwenye maana. Mimi niko upande wa andazi na sioni haya. Wajerumani walikuwa na mtindo wa kumwita mwokaji kwa kile anachotoa tanuruni au kwenye kikaango. Yapo majina Semmel na Weck, ambayo ni mikate midogo. Yapo Pfannkuch na Pfannkuche, mkate wa kikaango. Wapo Krapfl huko Bavaria, yaani kikrapf kidogo. Wapo Kreppel, na *Kreppel* ndilo jina la andazi hilohilo Hesse. Utasemaje hawa wote ni walemavu wa mgongo au wafua vyuma? Andazi hili liliandamana na sikukuu ya kabla ya mfungo. Anayelikaanga vizuri anajulikana mtaa mzima.

#9 Mama Rejista
Hoja nzuri, ila kuna tundu. Dokta Krapf ni mtu wa Swabia, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Andazi la kabla ya mfungo huko wanaliita *Fasnetsküchle*, "keki ndogo ya fasneti", yaani ya sherehe za kabla ya mfungo, si Krapfen. Krapfen ni neno la Bavaria, Austria na sehemu za Franken, upande wa kaskazini wa Bavaria. Ukitaka andazi kwa Msuebi, yaani mtu wa Swabia, inabidi uthibitishe kwamba neno lilitumika kijijini kwake wakati majina yanaganda, karne ya 13 hadi ya 15.

#10 Kombe la Chai
Na wewe thibitisha kwamba halikutumika. Lahaja ya leo si lahaja ya mwaka 1350.

#11 MlaKaimati
1–1. Sukari iongezwe.

#12 Nahodha wa Pwani
Huyu Krapf si ndiye mzungu wa kwanza kuuona Kilimanjaro 1848? Kazaliwa Stuttgart kama sikosei. Labda jina lina uhusiano na mlima, kitu kilichochongoka.

#13 Kipanga wa Kisauni
Nahodha, makosa matatu kwa mpigo mmoja. Aliyeuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 ni Johannes Rebmann. Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, 3 Desemba 1849. Na hakuzaliwa Stuttgart. Amezaliwa 11 Januari 1810 Derendingen, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji cha wakulima nje ya Tübingen na ilimezwa na mji mwaka 1934. La tatu, jina alikuwa nalo kabla hajauona mlima wowote wa huku.

#14 Nahodha wa Pwani
Nimekubali kipigo. Asante mkuu.

#15 Bwana Lahaja
Nimefika kwa kuchelewa. Nyote mnaruka herufi mbili muhimu kuliko zote: pf.

Kati ya karne ya 6 na ya 8 sauti *pp* ya Kijerumani cha kale iligeuka *pf* upande wa kusini, na upande wa kaskazini ikabaki. Tunda la tofaa ni mfano wa kila siku: kusini *Apfel*, ukivuka mpaka kuelekea kaskazini *Appel*. Mpaka huo unakatiza Rhine karibu na Speyer na Germersheim, kisha unapanda kaskazini-mashariki, ukiiacha Franken ya mashariki upande wa *pf*. Chukua jina letu ulipitishe kwenye mpaka huohuo: kusini Krapf, magharibi ya kati na kaskazini Krapp. Ndiyo maana Krapf ni jina la Baden-Württemberg na Bavaria, na ukilikuta Hamburg ujue kuna mtu alihama na mizigo yake.

Sasa ole wenu. Krapp si lazima awe Krapf wa kaskazini. Kwanza *Krapp* ni mmea wa kutoa rangi nyekundu, neno lililotoka Kiholanzi, na wakulima na wachovya nguo waliitwa kwalo. Pili, na hili linauma zaidi, kwenye lahaja ya Swabia yenyewe *Krapp* ni kunguru. Msuebi akiitwa Krapp, kuna uwezekano mkubwa ni kwa ajili ya ndege: nywele nyeusi, sauti ya kukwaruza, mkono mrefu.

#16 Ngoe
Kwa hiyo andazi, kulabu, kunguru na rangi nyekundu. Bado nini, baiskeli?

#17 Bwana Lahaja
Bado rovu, mzee.

*Kropf* ni uvimbe wa shingo, lile rovu la tezi. Milima ya Alpi na bonde zake zilikuwa na upungufu wa madini joto, na rovu lilikuwa jambo la kawaida mpaka chumvi ikaanza kutiwa madini hayo. Uswisi walianza 1922. Kropf ni jina la ukoo halali kabisa, na asili yake iko wazi. Sasa Mbavaria anapotamka *a* ndefu au fupi, sauti inaingia kooni na kukaribia *o*. Mwambie Mbavaria atamke Krapf, halafu umwite karani wa kutoka kwingine aandike anachosikia. Ataandika Kropf. Kinyume chake pia: karani anayejua kwamba wenyeji "wanaharibu" *a* kuwa *o*, atasikia Kropf halisi na kuisahihisha iwe Krapf. Kwa hiyo baadhi ya kina Krapf wa Bavaria babu yao alikuwa na rovu, na hawajui.

#18 Kombe la Chai
Hii ya karani kusahihisha kisicho kosa imenikosha. Ila inahusu Bavaria. Derendingen si Bavaria.

#19 Bwana Lahaja
Sawa. Kwa Derendingen naiondoa rovu mezani. Kunguru naye simpi nafasi kubwa kwa Krapf mwenye *pf*, labda karani mmoja aliyetaka kulifanya jina lionekane la kiungwana aongeze *f*. Nimewahi kuyaona majina ya namna hiyo, lakini kwa hili sishiki bendera.

#20 Dada Fahirisi
Je, si Kraft hii? Kraft von Hohenlohe na wengineo, jina la kubatiziwa lenye maana ya nguvu. Kraft, Krafft, Krapft, Krapf. Makarani walikuwa wanamwaga konsonanti kama pilipili.

#21 Bwana Lahaja
Kwa jicho inaingia, kwa mdomo haiingii. *ft* na *pf* hazibadilishani mahali katika lahaja yoyote ya kusini. Ukiona "Krapft" katika kitabu, soma tena. Mara nyingi ni Krapff, na ule mkia wa *f* ya pili umeunguzwa na wino.

#22 Mama Rejista
Na hapo Bwana Lahaja kagusa kidonda. Anayetaka kufuatilia jina hili kwenye vitabu vya kanisa asiingie kichwakichwa. Mitego ni hii, na yote nimeiona ikiwaangusha watu wenye digrii zao.

Mwandiko wa Kurrent, ule wa mkono wa Kijerumani cha zamani: *K* kubwa na *R* kubwa ni mapacha. Krapf anasomwa Rapf, na bahati mbaya Rapf ni jina lililopo kweli, kwa hiyo kompyuta haikuonyi chochote. *f* na ile *s* ndefu zinatofautiana kwa kamstari kadogo tu katikati. Zamani waliandika *ff* mwishoni bila sababu, kwa hiyo Krapff na Krapf ni mtu mmoja. Swabia na Franken hawatofautishi *k* na *g* mbele ya *r* wanapotamka, kwa hiyo mchungaji mmoja ataandika Grapf na mrithi wake Krapf, kwa mtoto wa baba mmoja.

Wanawake nao: hadi karne ya 18 mwanamke aliongezewa *-in*. "Krapfin" na "Krapffin" si ukoo mwingine, ni binti au mke wa Krapf. Kuna miti ya ukoo mtandaoni yenye tawi zima la "Krapfin" wasiokuwa na baba, kwa sababu mtu alinakili fahirisi bila kujua hilo.

Tahajia iliganda lini? Rasmi, kuanzia 1 Januari 1876, usajili wa kiserikali wa kuzaliwa, ndoa na vifo ulipoenea Ujerumani nzima. Kabla ya hapo jina liliandikwa kwa sikio la mchungaji.

#23 Fundi Ramani
Naongezea kwa watakaochora ramani. Ukiweka Krapf kwenye programu ya ramani za majina utapewa picha mbili: idadi kamili na idadi kwa kila watu milioni moja. Ya kwanza ni ya kudanganya watoto. Kila jina la kusini litang'aa München na Stuttgart kwa sababu ndiko watu waliko. Tumia ya pili. Tuseme wilaya A ina watu 100,000 na wenye jina ni 20: hiyo ni 200 kwa milioni. Mji B una watu 1,400,000 na wenye jina ni 70: hiyo ni 50 kwa milioni. Kwenye picha ya kwanza B anaonekana ndiye chimbuko. Kwenye ya pili A anamzidi mara nne, na A ndiko pa kwenda kutafuta vitabu.

Ila picha ya pili nayo ina ujanja wake. Wilaya ndogo yenye watu 35,000 na familia mbili zilizohamia jana itawaka nyekundu kama tanuru. Kanuni yangu: doa likiwa moja lisilo na majirani, liache. Chimbuko la kweli lina kivuli, yaani wilaya za pembeni nazo zimepakwa rangi hafifu, kwa sababu watu walioa na kuhama kilomita 20 au 30 tu kwa karne nyingi.

Na Krapf akikuonyesha vivuli viwili au vitatu vilivyoachana, usishtuke. Jina la utani kama hili halikuzaliwa mara moja. Kila mji wenye mwokaji au mwenye kibiongo uliweza kulizaa upya. Kina Krapf wa Franken na wa Swabia hawalazimiki kuwa ndugu hata kidogo.

#24 Dada Fahirisi
Kuthibitisha hilo: Karl von Krapf, mtabibu wa Vienna, alichapisha 1766 majaribio yake kuhusu sumu ya mimea ya jamii ya ranunkulo. Na Marekani yupo mshairi Norbert Krapf wa Indiana, ambaye asili ya wazee wake ni Franken. Sioni cha kuwaunganisha hao na mkulima wa Derendingen zaidi ya herufi tano.

#25 MlaKaimati
Krapf wa kwanza kaonja sumu, wa pili kaandika mashairi, wa tatu katafsiri Mwanzo Mombasa 1844. Hakuna hata mmoja aliyekaanga kitu. Kombe la Chai, hoja yako inadorora.

#26 Kombe la Chai
Na hakuna aliyefua kulabu pia. Kaa chini unywe chai.

#27 Kipanga wa Kisauni
Swali la kiufundi: nimeona kwenye ramani vijiji vyenye jina hili ndani yake, Krapfenreut huko Ebersbach an der Fils na Krapfenau huko Feuchtwangen. Haiwezekani ukoo umetokana na kijiji, kama kina "wa Rabai" walivyo wa Rabai?

#28 Bwana Lahaja
Mtu wa kutoka kijijini kwa kawaida huchukua mkia *-er*. Wa Krapfenreut angekuwa Krapfenreuter, si Krapf. Tazama muundo: *Krapfen-* ni umiliki, *-reut* ni msitu uliofyekwa kuwa shamba. "Shamba jipya la Krapf." Kwa hiyo mtu alitangulia, kijiji kikafuata. Na hilo lina uzito, maana linaonyesha jina lilitumika kumwita mtu wakati watu bado wanafyeka misitu.

#29 Dada Fahirisi
Au *Krapfen-* ni kona ya ardhi iliyopinda kama kulabu, na shamba likaitwa kwa umbo lake. Majina ya viwanja yamejaa kulabu, pembe na viwiko. Hukuangalia kipande chenyewe cha ardhi, umeangalia sarufi tu.

#30 Bwana Lahaja
Kweli. Kwa *-au*, ambayo ni ardhi ya majani kando ya maji, kulabu ya kijito inaingia vizuri. Krapfenau nakuachia. Krapfenreut sitoi.

#31 Ngoe
Wamegawana vijiji kama mirathi.

#32 Kombe la Chai
Tuzungumze kupungua. Jina likiwa adimu, linakwisha kwa kasi gani? Maana mtoto wa kike alikuwa analipoteza akiolewa.

#33 Fundi Ramani
Hesabu ya hilo ni ya miaka ya 1870, Galton na Watson, Waingereza waliokuwa wanajiuliza kwa nini majina ya watu wakubwa yanapotea. Jibu kwa lugha ya sokoni: kama kila mwanamume kwa wastani anaacha mtoto wa kiume mmoja, jina lililoanza na mtu mmoja mwishowe litakufa, hata bila vita wala tauni, kwa sababu tu kuna kizazi ambacho bahati itakataa. Jina lenye vyanzo vitatu au vinne, kama Krapf tunavyolishuku, lina roho ngumu kuliko la chanzo kimoja.

Sheria nayo ilibadilisha mchezo. Tangu 1 Aprili 1994 wanandoa Ujerumani hawalazimiki kuwa na jina moja. Na kuanzia 1 Mei 2025 wote wawili wanaweza kubeba jina la pamoja lenye majina mawili, kwa kistariki au bila. Kwa hiyo mwanamke Krapf sasa anaweza kulipitisha. Lakini mhesabuji mpya atakwama: Krapf-Müller ahesabiwe wapi? Mtandao mmoja unamweka pande zote mbili, mwingine unamfanya jina jipya lenye mtu mmoja. Hapo mtalumbana tena kuhusu "mara tatu".

#34 Nahodha wa Pwani
Na Amerika wamelishikaje? Maana Mwingereza kutamka *pf* ni kama Mswahili kumeza mfupa.

#35 Bwana Lahaja
Wapo waliobaki nalo kama lilivyo, Pennsylvania kwa mfano. Mwenye Krapp ndiye mwenye kazi, maana sikio la Kiingereza linasikia neno la chooni. Sisi wenyewe tungelitia irabu, Karapufu, na mambo yangekwisha.

#36 MlaKaimati
Dokta Karapufu. Nimemwona kabisa na mwavuli.

#37 Mama Rejista
Turudi Derendingen kabla uzi haujaliwa na kaimati. Kipanga, ukitaka kukaribia ukweli, andazi na kulabu havitaamuliwa kwa kamusi. Vitaamuliwa, kama vitaamuliwa, kwa karatasi ya zamani kuliko zote inayomtaja Krapf wa eneo hilo pamoja na kazi yake au sehemu anayokaa. Ikiandikwa "mwokaji", Kombe la Chai anashinda. Ikiandikwa "mhunzi", tunamzika.

Kikwazo kikubwa ni Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Baada ya vita vya Nördlingen 1634 Württemberg iliteketezwa, vijiji vikabaki na watu wachache, na wahamiaji kutoka Uswisi na Austria wakajaza mashamba. Krapf wa kijiji fulani mwaka 1600 na Krapf wa kijiji hichohicho mwaka 1680 wanaweza kuwa watu wasiojuana. Hivyo ukikuta pengo la miaka 30 kwenye vitabu, usiliruke kwa imani.

Habari njema: Württemberg ina orodha za kodi za kabla ya vita. Kuna orodha ya majiko, *Herdstättenliste*, ya 1525, na orodha ya kodi ya kupigana na Waturuki ya 1544 na 1545, zenye majina ya wenye kaya kijiji kwa kijiji. Hizo huangaliwa kwanza kujua kama jina lilikuwapo kabla ya moto.

#38 Kombe la Chai
Mwokaji kijijini ataandikwa "mkulima" vilevile, Mama. Kodi ilitozwa kwa ardhi. Karatasi yako inaweza kunyamaza.

#39 Mama Rejista
Inaweza. Ikinyamaza utabaki na andazi lako na mimi na kulabu yangu.

#40 Kipanga wa Kisauni
Nimeelewa. Kwa mtu wa kuanza leo akiwa Mombasa, aanzie kitabu kipi, na akitafute wapi?

#41 Mama Rejista
Derendingen ni ya Kilutheri, kwa hiyo nenda Archion, tovuti ya kulipia ya vitabu vya kanisa za Kiprotestanti. Matricula, ya bure, ni zaidi kwa Wakatoliki. Lipia mwezi mmoja, inatosha. Usianze na ubatizo. Anza na *Familienregister*, rejista za familia zilizoanza Württemberg mwaka 1808: ukurasa mmoja, kaya moja, baba, mama, wazazi wao na watoto wote. Krapf wa 1810 ataangukia humo, na ukurasa utakupa babu zake wa pande zote mbili bila kusoma mistari 400. Ukishapata tarehe ya babu, ndipo urudi nyuma: ndoa kwanza, kisha ubatizo. Ndoa inataja kijiji alikotoka bwana harusi, ubatizo hautaji. Kila hatua piga picha ya ukurasa mzima, si mstari tu, ili ulinganishe *K* ya karani huyohuyo kwenye majina unayoyajua, kama Karl au Katharina.

#42 Dada Fahirisi
Na fahirisi ya nyuma ikikunyima Krapf, kabla hujafunga kitabu angalia herufi G.